Njoo na Mwiko Wako

Mwaka ule nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, na lilikuwa na vipimo. Nilitaka nyumba ambayo mume wangu ataingia mwenyewe, bila kubebwa na mtu.

Nililiomba nikiwa nimesimama, maana kukaa kulinishinda. Nilianza kushona gauni la mteja, nikasimama katikati ya mkono wa kushoto. Niliinjika sufuria, nikatoka kwenda kuchungulia barabarani kama fundi anakuja. Hata kwenye darasa la jioni, ambako nilikuwa narudia masomo niliyoyaacha nikiwa msichana, mwalimu wa hesabu aliniambia, "Mama, wewe kila siku unakaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayesubiri jina lake liitwe."

Mume wangu aliendesha lori miaka ishirini na sita. Lori lilipopinduka, mgongo uliumia, miguu haikurudi, lakini jina lilibaki. Watu wote waliendelea kumwita Dereva. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na ngazi tatu mlangoni. Kila alipotaka kutoka, jirani yetu mchomelea vyuma alikuja na mdogo wake, mmoja akashika huku, mwingine kule, "Moja, mbili, haya!" wakamshusha pamoja na kiti chake cha magurudumu. Walikuja kwa moyo mweupe na hawakuwahi kuchelewa. Lakini taratibu Dereva akaanza kukataa kutoka.

"Niende wapi?" alisema. "Nje si nimeshaiona?"

Nilijua hakuichoka nje. Alichoka ile moja, mbili, haya.

Kiwanja tulikuwa nacho, msingi ulikuwa umekwisha, sakafu ya zege ilikuwa imekauka, na kuta zilikuwa zimefika magotini. Fundi wetu mwashi aliitwa Keshokutwa. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa ukimuuliza anakuja lini alijibu, "Keshokutwa, mama, Mungu akipenda." Nikajifunza kutomlaumu Mungu kwa ahadi za mtu mwingine.

Dereva alinipa sharti moja kabla hatujaanza. "Usimweleze fundi habari zangu. Sitaki nyumba iliyojengwa kwa huruma. Mwambie unachotaka, akijenge, basi."

Kwa hiyo nilikuwa nabishana na fundi huku nimefungwa mdomo.

"Mama, hapa mbele naweka ngazi mbili," alisema Keshokutwa.

"Sitaki ngazi."

"Kwa nini?"

"Sizipendi."

"Ngazi zimekukosea nini, mama? Maji ya mvua yataingia ndani."

"Weka mteremko."

"Mteremko ni wa magari. Una gari la kuegesha sebuleni?"

Vijana wake wakacheka, nami nikacheka, na nikarudi nyumbani nimeshindwa. Sikujua mteremko unatakiwa uwe na urefu gani. Sikujua mlango unapimwaje. Nilijua tu kwamba mtu asiyejua kazi hawezi kumwamuru anayeijua. Siku hiyo niliamua kwamba nitajifunza kujenga.

Wifi yangu, dada yake Dereva, alijipiga mapaja kwa kucheka. "Wifi, umri huu unataka kupanda jukwaa? Ukianguka, nani atambeba nani humu ndani?"

"Hatubebani tena, wifi. Ndiyo maana naenda."

Kutafuta mahali pa kujifunza kulinichukua wiki tano, na sikulala vizuri hata moja.

Nilianzia chuo cha ufundi. Karani wa usajili alikuwa na fomu mkononi na kalamu tayari. "Mwanafunzi yuko wapi, mama?"

"Ni mimi."

"Hapana, nauliza mtoto unayemwandikisha."

"Sijaleta mtoto. Nimejileta."

Hakunicheka, alinihurumia, jambo ambalo ni baya zaidi. Kozi ya uashi ilikuwa miaka miwili, umri usizidi ishirini na tano, na miezi mingi ya mwanzo ni ya darasani. "Lakini mama," akasema kwa upole, "nyumba si inajengwa na fundi?"

Wiki iliyofuata nikaenda kwenye semina. Tangazo lilisema ni mafunzo kwa vitendo kwa wanaojijengea nyumba. Ukumbi ulikuwa na maua ya plastiki na kijana aliyevaa tai, na kitendo tulichofanya kilikuwa kimoja: tulimshika mkono jirani wa kulia tukamwambia, "Nitajenga!" Mama wa kulia kwangu alikuwa na kiganja cha jasho na alinitazama kama mtu anayeomba msaada. Baada ya picha nyingi za nyumba za watu wengine, wakasema tuulize maswali. Nikasimama. Nikauliza mteremko wa kupandia mlangoni unatakiwa uwe na urefu gani.

"Swali zuri sana!" akasema yule kijana. "Jamani, tumpigie makofi mama!"

Wakapiga makofi. Hilo ndilo lililokuwa jibu.

Dereva akanitafutia video kwenye simu. Tulikaa kitandani tukatazama mwanamume mmoja akipanga tofali kwa kufuata muziki, mistari mitatu kabla wimbo haujaisha.

"Huyu hatoki hata jasho," Dereva akasema.

"Na saruji yake haidondoki."

Kesho yake nilijaribu nyuma ya nyumba, kwa tofali sita na matope. Ukuta wangu uliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nilisimama pale nikamwambia Mungu, si kwa adabu sana, kwamba kama ananitaka nisubiri basi anipe na moyo wa kusubiria, maana huu alionipa umeshatoka barabarani kumchungulia fundi.

Tangazo lililonifaa nililikuta kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, limeandikwa kwa mkono juu ya kipande cha boksi: JIFUNZE KUJENGA KWA MIKONO YAKO. JUMAMOSI SAA MBILI ASUBUHI, UWANJA NYUMA YA GHALA LA MBAO. NJOO NA MWIKO WAKO. HAKUNA CHETI.

"Aliyeandika hili unamfahamu?" nikamuuliza muuza duka.

"Nani asiyemfahamu? Ni mama mmoja, alikuwa msimamizi wa waashi kwenye kampuni kubwa. Mkali, mama. Kuna mteja wangu alimkimbia akaacha viatu."

"Nipe mwiko."

"Wa kupikia wanauza duka la pili."

"Mwanangu, usinitanie leo."

Jumamosi ile tulikuwa watu wanane uwanjani. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, penseli ya seremala nyuma ya sikio. Wanafunzi walimwita Timazi, kama kile kipande cha chuma ambacho waashi hukining'iniza kwa uzi kuona kama ukuta umesimama wima. Walimwita hivyo asipokuwepo, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuja kimya kimya na kusimama juu ya bega lako bila kutikisika.

"Nani amefuata cheti?" akauliza.

Mzee mmoja mstaafu akanyoosha mkono.

"Cheti kiko barabarani, shikamoo mzee. Wengine, chukueni karai."

Mzee yule akashusha mkono, akachukua karai kama sisi wengine.

Tulijengea udongo uliochanganywa na chokaa, ili tofali zisafishwe na kutumika tena. Nilipanga mstari wangu wa kwanza kwa uangalifu mkubwa. Nikahisi kivuli begani.

"Wewe ni fundi cherehani," Timazi akasema.

"Umejuaje, mwalimu?"

"Tofali zako umezibana kama pindo la gauni. Tofali halishonwi. Lipe udongo wa unene wa kidole, likae, lipumue. Rudia."

Nikarudia. Nikarudia tena. Kila tofali nililianzia na sala, lakini kabla sijafika mwisho nilikuwa nimeshaanza kuhesabu mistari, nikaanza sala upya, nikajikuta nahesabu tena. Nadhani siku ile Mungu alipokea kutoka kwangu tofali arobaini na mbili na hakuna kingine.

Jumamosi ya pili nilimuuliza lile swali langu. Timazi hakupiga makofi. Aliweka kiganja ukutani, vidole juu, akachora kimo chake kwa penseli. "Kila ukipanda kimo cha kiganja kimoja, teremka urefu wa viganja kumi na viwili. Ukifupisha, anayesukuma kiti atarudi kinyumenyume. Sakafu yako iko juu kiasi gani?"

Sikuwa nimetaja kiti. Nikatazama chini, nikamwambia viganja vitatu.

"Basi thelathini na sita. Nafasi unayo?"

"Ninayo."

Niliandika kwenye daftari langu la hesabu na nikarudi nyumbani karibu nikikimbia. Nilimkuta Dereva amelala usingizi wa mchana. Kiti chake kilikuwa kimeegemea ukuta. Nikatoa tepu yangu ya kushonea, nikapima upana wake: sentimita sitini na mbili. Katika kazi yangu, mtu huachiwa nafasi ya kupumua, huwezi kumshonea nguo ikaganda mwilini. Nikaongeza nne. Sitini na sita. Kisha nikakumbuka fremu ya mlango, mbao mbili za sentimita tano tano, nikajipongeza kwa kukumbuka. Jumla sabini na sita. Nikampigia Keshokutwa papo hapo.

"Fundi, milango mitatu: wa mbele, wa chumbani, wa chooni. Kati ya tofali na tofali nataka sabini na sita."

"Mimi ninaweka sabini, mama. Watu wote ni sabini."

"Sabini na sita. Na mbele nataka mteremko wa viganja thelathini na sita."

"Mama, umeanza kusoma wapi?"

"Wewe jenga."

Akajenga, kwa mtindo wake, siku moja yupo, mbili hayupo, mpaka kuta zikafika juu ya milango. Hapo ilibaki linta, yaani boriti fupi ya zege na nondo inayolala juu ya kila mlango na kila dirisha na kubeba tofali za juu. Linta ikishakauka, mlango umeshapata ukubwa wake. Kuupanua ni kuvunja. Nilimuuliza atamwaga lini. Sina haja ya kuandika alijibu nini. Kwa mara ya kwanza jibu lake halikunikera, maana niliona nina muda wa kuhitimu.

Jumamosi ya tatu Timazi alisema, "Leo kila mtu anajenga mlango wa nyumbani kwake, ukubwa ule ule. Nguzo mbili, zifike kifuani."

Nilijenga kuanzia asubuhi hadi saa saba. Nguzo zangu zilisimama wima. Niliziwekea pimamaji na kile kitone cha hewa kikakaa katikati. Sijui kama nimewahi kushona kitu nikakipenda vile. Timazi alikuja, akapima nafasi.

"Sitini na sita baada ya fremu. Nani anapita hapa?"

Wenzangu walikuwa karibu. "Mume wangu," nikasema kwa sauti ndogo. "Anatumia kiti."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Fundi cherehani unamshonea mtu suti hujampima?"

"Nimekipima kiti, mwalimu. Nimeacha na nafasi."

"Sikuuliza habari za kiti. Kamlete mwenye mlango."

Nikampigia Dereva. Alikataa kama nilivyojua atakataa. "Nije kutazamwa na watu uwanjani? Niko kwenye maonyesho?"

"Njoo basi unisaidie. Nimekwama."

Dereva wa lori hampiti mwenzake aliyekwama njiani, hata kama ana haraka kiasi gani, na nilijua nimemshika pale pale. "Mwite huyo mchomelea vyuma na pikapu yake," akasema. "Lakini nakaa mbele."

Walikuja. Walimshusha kwa moja, mbili, haya, na wanafunzi wenzangu, Mungu awabariki, wakajifanya wanasafisha tofali. Dereva alitazama nguzo zangu muda mrefu. Akagusa udongo.

"Umejenga wewe hii?"

"Mimi."

"Imenyooka."

"Pita," Timazi akasema.

Akasukuma magurudumu. Kiti kiliingia mbele, kikafika katikati, kikasimama. Niliona nilichokuwa sijakiona. Kiti kile ni cha kukunja, na siku niliyokipima kilikuwa kitupu, hakijafunguka chote. Mtu mzima akikikalia, kinapanuka. Na magurudumu hayajisukumi. Kuna mikono pande zote mbili, na mikono ina viwiko. Dereva alikuwa ameshika magurudumu na vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimebanwa kati ya chuma na tofali. Alisukuma tena, kwa nguvu, kwa ajili yangu. Alipotoa mkono, ngozi ya vifundo viwili ilibaki ukutani.

"Siyo mbaya," akasema. "Nikijipaka mafuta nitapita."

Timazi alichukua ubao mwembamba, akapima, akaukata kwa msumeno, akanipa. "Sentimita mia moja, tofali kwa tofali. Usibebe namba kichwani, beba ubao. Mlango wowote unapoweza kuulaza huu, anapita. Nyumbani kwako wamefika wapi?"

"Kwenye milango. Bado linta."

Simu yangu ikalia. Alikuwa Keshokutwa, nyuma yake mashine ya kuchanganya zege ikinguruma.

"Mama! Leo nimekushangaza! Niko kiwanjani na vijana watano, tunamwaga linta!"

Miezi saba nilimwomba Mungu amfundishe mtu huyu kuwahi.

"Simamisha, fundi!"

"Eeh?"

"Nasema simamisha! Milango ni midogo!"

"Hatusikii, mama, mashine! Tumeanzia nyuma, chooni tumemaliza! Zege halisubiri!" Akakata.

Nilimgeukia Timazi. Nadhani macho yangu yalimwomba aje.

"Mimi nina milango saba hapa," akasema. "Nenda. Zege lililomwagwa saa moja iliyopita bado ni uji. La saa tatu limekaza, halimsikii mtu."

Kwenye pikapu Dereva alikaa mbele na mchomelea vyuma, mimi nyuma nimeshikilia kiti kwa mkono mmoja na ubao kwa mwingine. Nilijaribu kusali na nikashindwa kupata maneno. Nilisema tu, "Bwana, barabara. Bwana, hiyo taa. Bwana, huyo mwenye mkokoteni." Kila kitu kilichokuwa mbele yetu nilikitaja ili kiondoke. Mashati yaliyoanikwa, mbwa, foleni ya watu na ndoo zao. Mdogo wake mchomelea vyuma aliyekuwa nami nyuma aliniambia nikae chini. Nikakaa. Nikasimama.

Tulipofika, vijana walikuwa wanapandisha karai kwa karai kuelekea dirisha la jikoni. Niliita, mashine ikameza sauti. Nilipunga ubao, kijana mmoja akanipungia mkono, akidhani ni salamu. Keshokutwa alikuwa juu ya jukwaa, amenipa mgongo.

Ndipo honi ilipolia. Dereva alikuwa amelala juu ya usukani wa mwenzake kwa kiwiko, na hakuachia. Ilikuwa honi ya lori ndani ya pikapu ndogo, ndefu, ya mtu anayeshuka mlima bila breki. Vijana walisimama na karai kichwani. Mtu akazima mashine. Keshokutwa akageuka.

"Kuna nini? Nani huyo?"

Dereva alishusha kioo. "Fundi, shikamoo sitaki, njoo hapa. Mimi ndiye mwenye mlango."

Walimtoa, wakamweka kwenye kiti. Keshokutwa alishuka jukwaani akasimama mbele yake, mikono imejaa zege, akatazama kiti, akatazama ile sakafu iliyo juu, akatazama mteremko uliokuwa umeanza kujazwa kifusi, viganja thelathini na sita. Nilimwona akiunganisha mambo yote, moja moja.

"Mama," akaniambia, na hakuwa na utani hata kidogo. "Mbona hukusema? Uliniambia sentimita. Hukuniambia mtu."

Dereva ndiye aliyejibu. "Mimi nilimkataza."

"Kwa nini, kaka?"

"Niliona aibu."

Nilikuwa nimekaa na mume huyu miaka yote tangu ajali na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alilisema kama anavyosema tairi limepasuka. Kisha akasema, "Nipandisheni, nione."

Wakampandisha kwenye sakafu. Alipeleka kiti kwenye mlango wa mbele, akaonyesha vifundo vyake vilivyochubuka, akaonyesha viwiko. Hakueleza sana. Nililaza ubao wangu kwenye nafasi ile na haukuingia. Ulipita ukuta kwa urefu wa kiganja na zaidi.

Keshokutwa akavua kofia, akakuna kichwa. "Huu wa mbele sawa, bado haujamwagwa. Na wa chumbani. Tunapunguza tofali upande mmoja, tunarefusha nondo. Vijana, leteni nyundo na tindo." Akatazama nyuma ya nyumba. "Wa chooni ndiyo basi, mama. Nimemwaga, nimeshindilia. Linta ile ukiipanulia mlango chini yake, itakuwa imeshikilia tofali kwa kucha tu. Nitaurudia huo siku nyingine."

"Siku gani?"

Akafungua mdomo. Vijana wake watano wote walimtazama. Akaufunga.

"Mlango wa chooni ndio mlango wenyewe, fundi," nikamwambia. "Sebuleni mtu anaweza kubebwa."

"Mama, kazi yangu mwenyewe siivunji ikiwa mbichi. Ni mkosi."

"Basi usiivunje."

Nilichukua koleo, nilitoe zege kabla halijakaza, mlango upanuliwe kama ile miwili. Nilifunga kitenge vizuri kiunoni, nikapanda jukwaa la chooni, ambalo lilikuwa mbao mbili tu na miguu yangu ilizijua kwa mara ya kwanza. Zege lilikuwa ndani ya mbao zake, limesawazishwa vizuri, linang'aa. Kilikuwa kitu kizuri. Nilichoma koleo nikatoa la kwanza, nikalitupa zege kwenye karai chini. Lilikuwa bado laini, lakini si uji tena, lilikuwa linavuta. Nilitoa la pili. Nondo zikaanza kuonekana.

"Mama, shuka, utaanguka!" Keshokutwa akaita kutoka mbele.

"Nitumie mtu wa kushika nondo!"

Hakuna aliyekuja kwa muda. Nikasikia mzozo wa chini chini, kisha nyundo zikaanza kugonga mlango wa mbele, na baadaye kidogo jukwaa likatikisika na Keshokutwa akapanda upande wa pili, mdomo ameubana, akashika nondo. Hakuniangalia. "Chota kutoka pembeni kuja kati," akasema. "Si hivyo. Koleo lilale."

Nikalilaza.

Tulichota. Kila koleo lilikuja zito kuliko lililotangulia. Kule mbele tofali la mwisho lilianguka na mtu akasema, "Haya, mzee, jaribu." Nilisikia magurudumu. Yalikwenda, yakapunguza mwendo, yakapita, hayakugusa kitu. Yakafika mbali, ukingoni mwa sakafu, yakageuka. Nilitaka kutazama, lakini nondo zilikuwa zimeinuliwa na zege lilikuwa linakaza, na nikitazama nitapoteza koleo mbili.

Yakaja tena. Yakapita sebuleni, yakaingia kwenye ukumbi mwembamba, yakafika chini yetu. Dereva alisimamisha kiti mbele ya mlango wa chooni, ambao ulikuwa bado na tofali zake zote za pembeni, akainua uso. Alikuwa na vumbi la tofali kwenye nyusi.

"Huku bado," akasema.

"Najua bado."

"Nikusubiri hapa, au nizunguke?"

"Zunguka."

Akageuza kiti papo hapo, kwa mkono mmoja mbele na mwingine nyuma, akaondoka. Keshokutwa akaniambia niongeze mwendo, jua linakausha upande wake. Nikachoma koleo tena.